Neno kwa Wazazi Wanunuao Shule

Majira yamewadia tena ambapo wazazi huzunguka na bahasha mkononi wakitafuta shule za sekondari za kulipia. Mwenye mshahara huomba mkopo kazini. Mfugaji huuza ng'ombe. Mwenye kihamba huwaita ndugu zake wakae kikao juu ya migomba na kahawa ya baba yao. Hayo yote ni mapenzi, wala hatuyacheki. Lakini wafikapo mbele ya meza ya shule, neno waulizalo la kwanza, na aghalabu la mwisho, ni moja tu: "Mwaka jana mlipata daraja la kwanza wangapi?" Wakiisha kujibiwa hutoa fedha, hupewa stakabadhi na orodha ya vitu vya kuja navyo, nao hurudi nyumbani wenye furaha.

Sisi tulio walimu twasema wazi ya kuwa swali hilo, likiulizwa peke yake, ndilo liharibulo shule nyingi. Twalipinga, si kwa kuwa kufaulu ni jambo dogo, bali kwa kuwa limewafundisha wenye shule kulitengeneza jibu. Na jibu hilo hutengenezwa kwa watoto wa watu.

Asitudhanie mtu ya kuwa twazilaani shule za kulipia. Nchi hii ina deni kwao. Kabla ya Uhuru sehemu kubwa ya elimu ya Tanganyika ilibebwa na misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na seminari zikabaki kwa makanisa. Hata ilipoonekana ya kuwa nafasi za sekondari za Serikali ni chache mno, na watoto wamalizao shule ya msingi ni wengi, wazazi wenyewe walichangishana. Makanisa, misikiti na Jumuiya ya Wazazi wakajenga. Na kufika mwisho wa miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za Serikali zilikuwa nyingi kuliko za Serikali. Hesabu hiyo iligeuka baadaye, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, na shule za kata zikaota kila mahali.

Basi na tukumbuke vema shule hizo zilijengwa kwa ajili ya nani. Zilijengwa kwa ajili ya mtoto aliyeachwa. Yule aliyefaulu lakini hakupata nafasi, yule aliyekosa kwa alama chache, yule ambaye jina lake halikusomwa, ndiye aliyechimbiwa msingi na kufyatuliwa matofali. Leo nyingi katika shule za namna hiyo zinajisifu kwa kumwacha mtoto yule yule. Zilizaliwa ili zipokee. Sasa zinaishi kwa kuchuja. Hilo ndilo jambo tulilokusudia kulisema, na wale wasiopenda kulisikia watuwie radhi.

Kuchuja huko kuna ngazi zake, nasi tutazieleza moja moja, maana wazazi wengi huona ngazi ya kwanza tu.

Ngazi ya kwanza ni mtihani wa kuingia. Mtoto hulipiwa fomu, huketi, hupimwa. Aliye hodari huchukuliwa, aliye wa kadiri huambiwa nafasi zimejaa. Hapo hatuna ugomvi mkubwa, ila twauliza: mtoto aliyekuja akijua, akaondoka akijua, shule imemwongezea nini? Huenda imemwongezea mengi. Lakini daraja la kwanza lake halitoshi kuwa ushahidi.

Ngazi ya pili ni kile kiitwacho wastani wa shule. Baraza la Mitihani la Tanzania huhesabu alama 30 kuwa ndizo za chini za kufaulu somo katika mtihani wa kidato cha nne. Shule nayo hujiwekea alama zake, 50 au 60 au kuzidi, na mtoto asiyezifikia mwisho wa mwaka huambiwa arudie darasa au atafute shule nyingine. Mzazi hufunguliwa fomu ya kujiunga, huonyeshwa mstari mdogo aliotia sahihi bila kuusoma, na mambo yamekwisha. Wizara ya Elimu imekwisha kukataza desturi hii zaidi ya mara moja. Lakini katazo husomwa ofisini, na mtoto hufungasha tranka lake bwenini.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyo mbaya kuliko zote, nayo hufanyika kabla ya watahiniwa wa kidato cha nne kuandikishwa. Mtoto amefika miaka yote mitatu, amelipa ada yote, hana kosa la tabia. Ila anaonekana atapata daraja la tatu au la nne. Basi hutafutiwa kituo kingine cha mtihani, au hushauriwa ajiandikishe kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Huendelea kukaa katika madarasa yale yale, akifundishwa na walimu wale wale, lakini siku ya matokeo jina lake halimo katika orodha ya shule. Amesoma hapa, ameanguka kwingine. Sifa imebaki hapa. Aibu imepelekwa kwa jirani.

Na tutie jambo hili katika hesabu, ili lionekane. Tuseme shule moja imepokea watoto 120 katika kidato cha kwanza. Mwisho wa mwaka wa kwanza 15 wameambiwa waondoke. Baada ya kidato cha pili 20 wamekwenda. Kabla ya kuandikishwa kwa mtihani wa mwisho 12 wamehamishwa. Waliokwenda ni 47, waliobaki ni 73. Katika hao 73, watoto 66 wamepata daraja la kwanza na 7 wamepata la pili. Bango litaandikwaje? Litaandikwa ya kuwa watoto 90 katika kila 100 wamepata daraja la kwanza, wala hakuna daraja la tatu, wala la nne, wala sifuri. Kila neno la bango hilo ni kweli, na bango lenyewe ni uongo. Kwa kuwa wazazi waliolipa walikuwa 120, na waliopata walichoahidiwa ni 66. Maana yake ni watoto 55 katika kila 100. Wale 47 hawana picha barabarani.

Mfano wa shule ya namna hii ni mkulima aliyesikia ya kuwa bwana shamba atakuja kesho kuhesabu mahindi. Usiku ule ule akaingia shambani na taa, akang'oa kila bua dhaifu, akalitupa katika shamba la jirani. Asubuhi bwana shamba akastaajabu jinsi shamba lilivyosimama vizuri, akamsifu, akaandika. Je, mkulima yule amelima vema? Mbolea yake imetosha? Hakuna ajuaye. Lijulikanalo ni kwamba ni mwepesi wa kung'oa.

Tumesikia majibu ya wenye shule, nasi tutayajibu kwa haki.

Wa kwanza husema: "Sisi twalinda kiwango." Twauliza, kiwango cha nani? Kiwango cha kufundisha hupimwa kwa mtoto aliyekuwa hajui akajua. Kama mtoto ameingia kwa mtihani wenu wenyewe, mkampima, mkamkubali, mkapokea fedha ya baba yake, kisha baada ya miaka miwili mkasema hafai, basi ama mtihani wenu wa kuingia haukuwa na maana, ama mafunzo yenu ya miaka miwili hayakuwa na maana. Chagueni moja.

Wa pili husema: "Mtoto mzito huwarudisha wenzake nyuma." Sisi tulioshika chaki twajua ya kuwa si kweli hivyo hivyo tu. Mwalimu anayelazimika kueleza jambo moja kwa njia tatu, ili mtoto wa dawati la nyuma alipate, huwafundisha hata walio mbele, nao hupata kuona sababu ya jambo badala ya kulikariri. Darasa la walio hodari watupu humfanya mwalimu awe mvivu. Hutaja ukurasa, akaketi.

Wa tatu husema: "Mzazi alitia sahihi." Naam, alitia. Lakini sahihi ya mtu aliye mbele ya meza, na mtoto wake amesimama ubavuni amevaa viatu vipya, si mapatano ya watu wawili walio sawa. Tena aliyetia sahihi ni baba, anayefukuzwa ni mtoto.

Wa nne ni mwerevu zaidi, husema: "Tusipopata daraja la kwanza wengi, hamtatuletea watoto." Huyu amesema kweli, na kwa neno lake twawageukia wazazi. Maana mwizi hana soko asipokuwapo mnunuzi. Mwezi Januari mwaka 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema halioni tija yake. Wengi wetu tulidhani mashindano yatapoa. Hayakupoa. Shule zimejitangaza zenyewe, kwa mabango, redio na simu, na wazazi wamejitungia orodha zao katika makundi yao ya simu. Baraza lilivunja ngoma, lakini wachezaji bado wanacheza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzazi aonapo shule inayojitembeza kila njia panda, na aanze kutia shaka.

Sasa mtu atauliza: Tufanyeje? Twaweza kujuaje shule ichujayo na shule ifundishayo? Twajibu ya kuwa njia ipo, wala haihitaji fedha, inahitaji subira ya jioni moja. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili na ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa na Baraza kwa kila shule, na kila mtu aweza kuyaona. Mtoto aliyeketi kidato cha pili mwaka 2022 alitazamiwa kuketi kidato cha nne mwaka 2024. Basi chukua orodha ya shule unayoitaka ya kidato cha pili ya mwaka mmoja, hesabu watahiniwa; kisha chukua orodha ya shule ile ile ya kidato cha nne miaka miwili baadaye, hesabu tena. Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, usije ukaionea shule kwa mwaka mmoja.

Ukiona wamepungua wachache, usilaumu. Wako wanaohama na wazazi wao, wako wanaougua, wako wasiofikia kipimo cha Serikali cha kidato cha pili. Ukiona kila mwaka robo yao wametoweka, nenda kwa mkuu wa shule, mwamkie kwa heshima, umwulize: "Mwalimu, wale wengine wako wapi?" Kisha nyamaza, umsikilize. Mkuu wa shule iliyo njema atakujibu mmoja mmoja, kwa kuwa anawajua watoto wake. Mwingine atakasirika. Hasira yake nayo ni jibu.

Na shule ambayo watoto wake wote walioingia ndio waliotoka, wakapata daraja la kwanza kiasi, la pili kiasi, na la tatu kiasi, hiyo usiipite upesi. Kumbuka ya kuwa daraja la kwanza huishia pointi 17 katika masomo saba, na pointi 18 ni daraja la pili. Katikati ya watoto hao wawili kuna tofauti ya pointi moja tu, na mabango yameifanya kuwa tofauti ya mbingu na nchi.

Twapenda sasa kusema neno kwa watu wa nyumbani mwetu. Sisi tuliofunzwa katika vyuo vya Kanisa hatuwezi kuwakemea wafanyabiashara na kuwanyamazia wenye misalaba juu ya mageti. Ziko shule za makanisa zifanyazo haya tuliyoyasema, tena kwa sala asubuhi na jioni. Mchungaji wa mfano tuufundishao katika kipindi cha dini alikuwa na kondoo mia, akapoteza mmoja, akawaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta. Mchungaji wa siku hizi akiwa na kondoo mia humtafuta yule aliye dhaifu ili ampoteze, apate kusema ya kuwa wote waliobaki ni wanono. Watoto si wajinga. Wameufahamu mfano, na wamemwona mwenzao akitoka getini na godoro lake kichwani. Ni lipi kati ya mafunzo hayo mawili watakalolishika? Maaskofu, wachungaji na masista wenye shule twawasihi walijibu swali hili kabla hawajafungua jengo jingine.

Tuache matokeo, tuje kwenye mwili wa mtoto. Maana wazazi wengi huuliza alama za hisabati, wala hawaulizi kama mlango wa bweni hufunguka kwa ndani. Mwezi Juni mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 katika shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2001 huko Kyanguli, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Mwaka 2020 watoto wasiopungua 10 walikufa kwa moto bwenini wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Mwezi Septemba mwaka 2024 huko Nyeri, nchini Kenya, watoto 21 walikufa vivyo hivyo katika shule ya kulipia. Kila mara tumelia, tumechanga, tumesahau. Mzazi aendaye kutazama shule asiishie katika ofisi yenye vikombe vya ushindi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aombe kuingizwa bwenini. Atazame kama madirisha yana nondo zisizofunguka. Kama milango ni miwili. Ni nani alalaye na ufunguo. Vitanda vimebanana kadiri gani. Maji yako mbali kiasi gani na vyoo. Akikataliwa kuingia mchana yeye aliye mzazi, mtoto wake atalalaje humo usiku?

Kadhalika magari. Mwezi Mei mwaka 2017 huko Karatu basi dogo la shule lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu wao 2 na dereva. Mzazi ahesabu viti, kisha ahesabu watoto.

Kadhalika fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zasema ya kuwa viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Mzazi aulize: "Kitabu hicho kiko wapi?" Shule ambayo kila mwalimu hutembea na fimbo, na kitabu ni kitupu, inavunja sheria kila siku mbele ya watoto, kisha inawafundisha uraia.

Kadhalika lugha. Ziko shule ambamo mtoto akisikika anasema Kiswahili huvikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe. Twakubali ya kuwa mafunzo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, na mtoto hana budi kukijua. Lakini lugha hujifunzwa kwa kusoma, kusikia na kujaribu bila hofu; haijifunzwi kwa upelelezi. Mtoto avishwaye kibao kwa sababu ya lugha ya mama yake hujifunza mambo mawili tu: kunyamaza, na kumchongea rafiki.

Tena mzazi atuulize sisi walimu. Asiulize vyeti vyetu tu, bali aulize tumekaa miaka mingapi. Shule ambayo mwalimu wa fizikia hubadilika kila muhula haina fizikia, hata ikiwa na maabara yenye vigae. Aulize kama mishahara hulipwa kwa wakati na kama walimu wana mikataba. Mwalimu adaiye mshahara wa miezi mitatu huingia darasani na mwili, roho yake ikabaki dukani kwa mwenye kumkopesha unga. Na aulize neno moja zaidi, jepesi lakini zito: walimu wa hapa huwasomesha watoto wao hapa, au huwapeleka kwingine?

Liko bado jambo la fedha. Tangu Januari mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali kuanzia kidato cha kwanza hata cha nne. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mtoto wa kutwa na shilingi 70,000 kwa mtoto wa bweni. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikaondolewa vilevile. Walakini wako wazazi waonao aibu kusema ya kuwa mtoto wao yuko shule ya kata. Twawaambia: aibu hiyo ni mali ya majirani, msiilipie. Ni kweli madarasa ya kata yana watoto wengi, na walimu wa sayansi huwa wachache, hatulifichi. Lakini tuseme ada ya shule ya kulipia ni shilingi milioni 2 na nusu kwa mwaka. Kwa miaka minne ni milioni 10, bila ya nauli, sare, godoro, rimu za karatasi na michango mingine iliyofichwa chini ya orodha. Na katika nyumba nyingi milioni 10 hizo hutolewa kwa mtoto mmoja, aghalabu wa kiume, na dada zake wawili wakakosa hata daftari na chakula cha mchana. Hapo mzazi hajanunua elimu. Amewanyang'anya wawili akampa mmoja. Mtoto wa kata aliye na kitabu, taa, chakula, na mzazi afikaye shuleni kila mwezi kuwauliza walimu, si mtoto aliyetupwa.

Wala mzazi asifikiri ya kuwa njia ni moja tu. Mtaala mpya ulioanza kuingizwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, upande kwa upande na elimu ya jumla. Mtoto mwenye mikono ya ufundi sasa aweza kusoma ufundi wake bila kuitwa aliyeshindwa. Lakini na hapo mzazi afungue macho: shule isemayo ina amali, na ionyeshe karakana, zana na fundi mwalimu, si ubao wenye maandishi.

Tumelaumu vya kutosha. Sasa twaomba, na ombi letu ni dogo. Twataka kila shule ya sekondari itangazayo madaraja yake iandike pembeni, kwa herufi za ukubwa ule ule, hesabu mbili: walioingia kidato cha kwanza, na walioketi mtihani wa kidato cha nne kutoka miongoni mwao. Hesabu mbili tu. Baraza la Mitihani laweza kuzichapa pamoja na matokeo. Wathibiti ubora wa shule, wale waliokuwa wakiitwa wakaguzi, waweza kuzihakiki. Bodi za shule, ambamo wazazi wamo, zaweza kuzidai hata bila amri ya mtu. Shule ifundishayo haitaogopa hesabu hizo, bali itazipenda, kwa kuwa zitaonyesha kazi yake. Ichujayo ndiyo itakayopiga kelele, na kwa kelele zake tutaijua.

Mpaka siku hiyo itakapofika, wazazi wenzetu, hesabuni wenyewe. Mkiona bango lenye nyuso ishirini zinazocheka, ulizeni nyuso zisizokuwapo. Ulizeni mkiwa na adabu, ulizeni mkiwa wengi, na kabla hamjatoa fedha. Maana mchagua nazi hupata koroma, na shule ichaguayo sana watoto haina haki ya kujiita mkulima. Nanyi msijidanganye ya kuwa mtoto wenu ni hodari, hatang'olewa. Wazazi wa wale arobaini na saba nao walisema hivyo.